Msimu wa Matairi ya Mishale

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili nimepewa na mke wangu. Alilibwaga mezani akasema, "Haya, liambie hili. Masikio yangu yamejaa." Mwanamke huyu hajui bahati aliyonayo. Kuna watu hulipa kiingilio kusikiliza mambo madogo kuliko yangu. Basi nitaandika, atakayesoma na afaidi. Shule niliachia darasa la sita, na si kwa uzito wa kichwa. Mwalimu wa hesabu aliona nakaribia kumpita, akanionea kijicho.

Mawingu yamerundikana upande wa vilima. Wiki haiishi bila mvua. Na gari langu lina matairi manne yenye kipara, laini kama utosi wa baba mkwe.

Jumapili, 2 Machi

Nilimwambia mke wangu mvua itanyesha kabla ya saa sita mchana. Haikunyesha. Akafua na kuanika nguo za nyumba nzima, makusudi.

Jumanne, 4 Machi

Imenyesha. Nguo zilikuwa nje. Nilipiga mluzi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimekalia kiti!

Nieleze. Kila Jumamosi sisi wapenzi wa magari hukutana uwanjani kwa Bwana Bomba, fundi wa kuchomelea mabomba ya moshi. Pesa hatuna, magari tunayo. Ukijumlisha umri wa magari yetu utapata mzee wa kuhadithia enzi za farasi. Desturi yetu ni hii: aliyenunua kifaa kwa bei ya chini hukiweka juu ya gunia, wenzake wanakisia bei. Aliyenunua kwa bei rahisi kuliko wote hukalia kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye gari bovu, na kuhusu kifaa kile neno lake ndilo neno mpaka apatikane wa kumshinda.

Mimi nilishusha bomba. Si bomba, tarumbeta! Mdomo wake unaingia kichwa cha mtoto. Nimelitoa kwa muuza vyuma chakavu, ambaye hakujua anauza nini.

"Hili umeokota," alisema Teksi. Huyu ni dereva wa teksi, mdomo wake una gia sita na hauna breki.

"Nimenunua."

"Basi aliyekuuzia ndiye aliyeokota."

Niliwaacha wacheke. Kisha nikawaonyesha matairi. Jirani ya Bwana Bomba yuko Mama Matairi, muuzaji wa matairi yaliyotumika, mwanamke anayeweza kulivua tairi kwenye rimu huku anakutukana na asikosee lolote kati ya hayo mawili. Amepokea mzigo: matairi yenye meno marefu bado, kama hayajawahi kuonja lami, kila moja lina mshale ubavuni. Kwa kuwa mimi ndimi niliyefika alfajiri, nilichukua manne kwa bei ya mawili. Walipokisia, wote walipita juu. Kiti kikawa changu.

Hapo likazuka suala la mshale. Mama Matairi alitaka kufunga mshale ukitazama mbele.

"Simama hapo, Mama," nikamwambia. "Gari linakwenda mbele. Maji yanakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Basi mshale ni wa maji. Gari halihitaji mshale, lina dereva."

Ilikuwa hoja nzito, hata mimi mwenyewe ilinishtua. Ila yupo mzee mmoja, karani mstaafu wa posta, tunamwita Kijitabu kwa sababu hutembea na kijitabu cha maelekezo ya gari lake kwapani. Akakohoa. "Nadhani mshale unaonyesha upande tairi linakozungukia."

"Unadhani," nikasema. "Mimi nimeendesha lori la saruji, tani kumi, nikavuka mto uliofurika. Matairi ya mishale hivi hivi, yametazama nyuma. Maji yalifunguka huku na huku, nikaona samaki wamesimama pembeni wananipisha."

Watu walipiga makofi. Kijitabu akafungua kijitabu chake, akakifunga.

Mama Matairi alisema, "Mteja ni mteja. Akitaka tairi kichwani, nitamvisha."

Akafunga kama nilivyotaka. Mpaka jioni magari matano yalikuwa yamenunua mishale na kuifunga nyuma-mbele kwa hekima yangu. Kijitabu alinunua pia, akayafunga anavyojua yeye. Tulimcheka mpaka akaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Bwana Bomba amenifungia bomba. Nilipowasha, magari mawili ya jirani yalilia king'ora yenyewe. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi akiangalia juu, akidhani ni ndege.

Jumatano, 12 Machi

Alikuja mpwa wangu, Mkunga. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua ana miaka kumi na miwili, nikamlea, nikamfundisha kuendesha gari kwa mikono hii. Leo ni mkunga hasa, ana cheti chenye fremu. Ana kigari chake kidogo cha bluu na mara tatu kwa wiki hupanda nacho vilimani kwenye zahanati, barabara ya udongo na makona, upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa.

Nilimpeleka kwa Mama Matairi mimi mwenyewe. Nikasimamia.

"Mjomba," akasema, "mbona mshale unatazama nyuma?"

Nikamweleza kuhusu maji. Akafikiri kidogo, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya nikimfundisha klachi.

"Sawa, Mjomba. Kwenye gari wewe ndiye unayejua."

Nimeandika maneno yake yote ili mke wangu, akichungulia humu, ayaone.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Bomba langu linaimba.

Jumanne, 18 Machi

Mwalimu wa shule ya jirani amekuja kulalamika. Anasema nikipita asubuhi watoto hawasikii imla, mmoja kaandika ukurasa mzima wa "brrr". Nilimuuliza kama aliandika vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Bado ninakalia kiti. Sasa ni magari manane yenye mishale ya maji, ukiacha langu. Teksi anasema gari lake limekuwa jepesi, linaogelea barabarani. Nikamwambia ndiyo raha yake. Kijitabu alikaa pembeni peke yake juu ya ndoo. Mtu mbishi hukosa mengi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua siku tisa mfululizo. Ukuta wa jikoni umeota ukungu. Mke wangu anadai ni mtetemo wa bomba uliofungua nyufa. Nikamwambia bomba haliwezi kuota ukungu. Akanipa ndoo na brashi.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekamatwa. Askari wa barabarani alinisimamisha, akaniuliza swali, nikamjibu, hakusikia. Akauliza tena, mimi sikusikia. Tulizungumza hivyo kama robo saa, watu wawili waungwana, mpaka akaingiza mkono dirishani akazima gari mwenyewe.

"Mzee, hilo ni gari au maandamano?"

Nimepewa siku saba nirudishe sailensa.

Jumanne, 1 Aprili

Bwana Bomba amenitolea tarumbeta na kunirudishia bomba la zamani lenye sailensa. "Pole, Mjomba," alisema, maana uwanjani wote huniita hivyo, kama anayempa pole mfiwa. Gari linatembea kama paka aliyevaa soksi. Nimepita mtaani, hata mtu mmoja hakugeuka.

Jumatano, 2 Aprili

Kuna sauti. Ukimya ulipoingia ndani ya gari, sauti nyingine ikajitokeza, wuuu, wuuu, kama mtu anayepuliza shingo ya chupa. Ukiongeza mwendo inapanda. Nimejua mara moja ni beringi.

Ijumaa, 4 Aprili

Bwana Bomba amebadilisha beringi za mbele. Wuuu.

Jumatatu, 7 Aprili

Amebadilisha za nyuma. Wuuu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo Kijitabu alinipita barabarani polepole, dirisha limefunguliwa nusu, mvua ya rasharasha. Gari aina moja na langu, matairi mzigo mmoja na yangu. Halikutoa sauti. Lilipita dimbwi na maji yakaruka pembeni kulia na kushoto, kama yamefyekwa.

Nilikwenda kwenye dimbwi lile lile. Maji yalikuja mbele ya tairi yakajikusanya, na usukani ukawa mwepesi mikononi kama sufuria tupu.

Sitaki kuandika ninachofikiri.

Jumatano, 9 Aprili

Kando ya mshale kuna neno la kigeni. Nimekwenda mpaka duka la dawa na neno hilo nimelinakili kiganjani kwa kalamu. Mvua ikafuta nusu. Nikarudi, nikalinakili tena, safari hii chini ya kofia. Dada wa duka la dawa akasoma, akasema, "Ni mzunguko tu. Upande linakozungukia. Una kidonda?"

Nikamwambia, ndiyo, kidogo.

Alhamisi, 10 Aprili

Kwa hiyo Kijitabu alikuwa sahihi. Nimeandika. Daftari halikuungua.

Magari manane, na langu la tisa. Lakini katika manane hayo, saba ni ya wanaume wenye ndevu, waliocheka kwa vinywa vyao. La nane ni la bluu.

Kesho nitamwambia.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkunga alikuja. Kulikuwa na chai. Haikuwa nafasi nzuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Uwanjani, Teksi alisimulia alivyoteleza kwenye mzunguko wa barabara akaingia kwenye maua ya manispaa. Abiria wake alishuka akalipa na kuondoka na ua. Watu walicheka. Bwana Bomba akaniuliza, "Mjomba, hii inatokana na nini?" Wote wakanigeukia. Kijitabu, kule kwenye ndoo, hakuinua macho.

Nikasema, "Upepo."

Nilitamani kiti kinimeze.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempigia Mkunga simu. Nimemuuliza habari za kazi, za afya, za paa la nyumba yake kama linavuja. Akasema, "Mjomba, una nini?" Nikasema, salio linaisha.

Jumatano, 16 Aprili

Mke wangu amenikuta nimekaa kwenye gari uani, mvua inanyesha, sijawasha. Akafungua mlango, akakaa kiti cha pembeni. Hajawahi kukaa humo bila kusema kitu kuhusu vumbi. Nikamwambia yote. Nilitegemea acheke.

Hakucheka. Alisema, "Mficha uchi hazai. Na wewe una mkunga nyumbani, mume wangu. Mwambie."

"Ataniona sijui kitu."

"Kwanza ataifikiria barabara ile."

Nikamwahidi. Jumapili Mkunga atakuja kula mchana.

Ila usiku nimepata akili bora kuliko ahadi. Matairi ya mshale hayahitaji hata kuvuliwa kwenye rimu! Ukilihamisha gurudumu la kulia kushoto na la kushoto kulia, mshale unageuka wenyewe. Jeki moja, gogo moja, spana moja. Wao wakiwa mezani, mimi nitasema naliosha gari lake. Dakika arobaini. Hakuna atakayejua, na hakuna atakayeumia. Kichwa hiki wangekiona wakubwa wa viwanda wangekitumia tiketi ya ndege.

Jumapili, 20 Aprili

Naandika nguo zikiwa bado zinadondosha maji daftarini.

Alikuja saa sita. Mvua ilikuwa kubwa, ile ya kuanguka wima kama uzi. Walipoketi nikasema, "Kuleni, mimi nakwenda kusuuza gari la mwanangu."

"Mvua inalisuuza bure," akasema Mkunga.

"Mvua haijui sabuni," nikajibu, nikatoka.

Nilipiga jeki. Nati za mbele nilizifungua vizuri, nikahamisha la kulia kushoto, la kushoto kulia, nikakaza. Matope mpaka kwenye meno. Nikahamia nyuma. Ndiyo kwanza nimeweka jeki, mlango ukafunguliwa, na yeye huyo, mkoba wake begani, anavaa koti.

"Zahanati wamepiga. Kuna mama amefika, uchungu umekolea, na nesi yuko peke yake. Mjomba, mbona jeki?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nafasi ilikuwa imesimama mbele yangu na mwavuli. Nilifungua kinywa na kikatoka hiki:

"Nilikuwa nakagua nati."

"Zimekaza?"

"Zimekaza."

"Ahsante, Mjomba." Akaishusha jeki mwenyewe, akanirudishia mkononi, akapanda, akaondoka.

Nilibaki nimesimama uani na jeki kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliuangalia uso wangu, akasema neno moja tu: "Mfuate."

Nimewahi kusema niliendesha lori nikavuka mto. Leo nimeendesha gari dogo nikivuka madimbwi, na kila dimbwi nililiomba radhi kabla. Wuuu, wuuu, njia nzima. Matairi yale yalikuwa yakinizomea. Nilipoanza kupanda vilima maji yalikuwa yakiteremka barabarani kama yana miadi chini. Nilijua nilichokifanya: mbele nimegeuza, nyuma sijageuza. Gari lake mbele linakamata na nyuma linaogelea. Lilikuwa zima, nikaliharibu, kisha nikalitengeneza nusu, na nusu ni mbaya kuliko yote.

Kwenye kona ya tatu nilikiona kigari cha bluu. Kilikuwa kinanitazama.

Yaani kilikuwa kimegeuka. Pua imeelekea kule kilikotoka, gurudumu moja la nyuma liko kwenye majani ya ukingoni, na baada ya majani ni vichwa vya miti kwa chini. Na yeye amesimama barabarani ndani ya mvua, mzima, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

Niliteremka bila kuvuta breki ya mkono. Gari langu likaanza kurudi nyuma. Nikalikimbilia, nikavuta, nikarudi kwake nimepoteza kiatu. Hata hakucheka.

"Lilizunguka, Mjomba. Sikukanyaga breki, nilifanya ulivyonifundisha. Lilizunguka lenyewe."

"Si wewe."

"Sijui nimekosea wapi."

"Hukukosea!" Nadhani nilipiga kelele. "Ni mimi. Mshale ni wa mbele. Kijitabu alisema, mimi nikakataa. Nimejua tangu wiki iliyopita. Leo nilikuwa nakugeuzia kwa siri, nikageuza mbele tu ukatoka, nikasema zimekaza."

Alinitazama. Nikaendelea, maana mdomo ukishafunguka kwa kweli unakuwa kama bomba lisilo na sailensa.

"Na lile lori la saruji sikuliendesha. Nilikuwa utingo. Mto tulipouona tuligeuza tukarudi."

"Hilo la utingo mama aliniambia nikiwa darasa la pili," akasema.

"Ulijua?"

"Mjomba, wote tunajua. Samaki waliosimama! Hadithi zako nasikiliza kwa sababu ni tamu." Hapo akaukumbatia mkoba upya. "Lakini matairi niliamini."

Nimepigwa katika maisha yangu, na watu wakubwa. Sijawahi kupigwa hivyo.

Akapangusa uso, akatazama saa. "Lete jeki. Mama yule hasubiri tumalize kulia."

Tulilivuta gari kutoka kwenye majani kwa kamba na gari langu, taratibu, yeye kwenye usukani, mimi nikiomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Kisha tukageuza magurudumu ya nyuma. Alilegeza nati yeye, kwa mguu, kama nilivyomwonyesha miaka ile. Dakika kumi na nane. Wakati anakaza ya mwisho akaniuliza bila kunitazama:

"Wengine wangapi?"

"Saba."

"Watajua lini?"

"Jumamosi, tukikutana."

"Jumamosi ni mbali. Leo." Akapanda garini. "Na usinifuate na hayo matairi yako. Yageuze hapo hapo ulipo."

Akapanda kilima. Kwenye kona nilitazama maji: yaliruka pembeni, kulia na kushoto.

Nikabaki kando ya barabara na magurudumu manne yangu mwenyewe, kiatu kimoja, bila mtu wa kumhadithia.

Jumatatu, 21 Aprili

Jana sikumaliza. Niliporudi mjini nilipita nyumba kwa nyumba, nimelowa, mguu mmoja mtupu. Nilianza na Teksi nikidhani ni heri kuanza na mgumu.

"Mishale tumeifunga nyuma-mbele," nikamwambia. "Kosa ni langu."

"Si ulisema upepo?"

"Nilidanganya."

Akaita mke wake, watoto wake na jirani yake, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaomba nirudie mara ya tatu, polepole, apige picha. Kisha akatoa jeki, tukageuza pamoja, na kila nati aliyokaza aliipa jina langu.

Wa tatu hakunifungulia, alidhani nimekuja kuomba. Nilikiri kupitia dirisha la choo. Bwana Bomba alisema, "Na mimi nikakubadilishia beringi nne nzima. Zote mpya!" Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuweza kusimama, alishika ukuta.

Wa saba nilimfikia giza linaingia. Kisha nikaenda nyumba ya nane, ambayo haikuwa kwenye orodha.

Kijitabu alifungua mlango. Nikasema yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa. Nilisubiri anisomee ukurasa.

"Unavaa kiatu namba ngapi?" akauliza.

Akaniletea viatu vyake vya posta, vyeusi, vimepigwa rangi. Kwa wiki sita nimemwita mbishi. Kumbe alikaa juu ya ndoo ile kila Jumamosi kwa sababu hana pengine pa kwenda Jumamosi. Nami sikuwahi kumwachia hata maneno mawili ya kumaliza.

Mkunga ametuma ujumbe kwa mke wangu: mama na mtoto wa kike wazima. Kwangu hakutuma.

Alhamisi, 24 Aprili

Hajapiga.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwachia Kijitabu kiti. Alikikalia kwa ncha, kama kiti cha daktari wa meno. Mama Matairi amechora mshale mkubwa kwa chaki mgongoni mwa koti langu, na sikujua mpaka nimefika nyumbani. Ulitazama nyuma.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua inapungua. Hajapiga.

Alhamisi, 1 Mei

Hajapiga. Nimekaa siku nzima bila kusema kitu, mpaka mke wangu akanishika paji la uso.

Jumamosi, 3 Mei

Jua, jua kali kabisa. Uwanjani vumbi la kwanza limeinuka.

Nilikuwa nimechuchumaa nikichungulia chini ya gari la Teksi niliposikia injini ninayoijua. Kigari cha bluu. Mkunga akateremka, lakini hakuja kwangu. Alimwendea Bwana Bomba kuhusu bomba lake, limetobolewa na kutu, anataka la bei nafuu. Alinisalimia, "Shikamoo, Mjomba," kwa sauti ya kazini. Nikaitikia.

Bwana Bomba alikuwa na mabomba mawili yaliyotumika. Moja jembamba, moja nene, bei karibu sawa. Mkunga akayatazama.

"Lipi linafaa?" akauliza.

Hakumuuliza mtu. Aliuliza hewani. Lakini desturi ya miaka ni desturi: Teksi akanigeukia, Bwana Bomba akanigeukia, hata Mama Matairi akaliacha tairi nusu rimuni. Nami nilikuwa na jibu! Naapa, lilikuwa limeshapanda kooni, na ndani yake mlikuwa na meli, nahodha, na bomba la moshi nililomchagulia mimi. Nililisikia likija. Nene, nitasema, kwa sababu moshi nao unataka uhuru.

Mkunga alikuwa ananitazama. Ameinamisha kichwa kidogo.

Nikasema, "Sijui."

Neno lile lilitoka kama jino, na lilipotoka palibaki upepo. Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Kijitabu. Alifungua kijitabu chake, akalamba kidole, akaanza kutafuta ukurasa, na sote, watu wazima wenye meno yetu, tulisimama kumzunguka tukisubiri. Mkunga akaja akasimama upande wangu. Aliegemeza bega lake kwenye mkono wangu kama alivyokuwa akifanya zamani akichoka kusimama.

"Jembamba," akasoma Kijitabu.

Nimerudi nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu. Akaniambia, "Hatimaye." Lakini yeye hakuwepo, hakusikia. Nimewahi kuwasikia watu wengi wakisema sijui: makarani, madaktari, hata jaji mmoja. Wote wanaisema chini chini, wanaimung'unya. Naandika hapa na atakayebisha aje uwanjani awaulize mashahidi: tangu mtaa huu uanze kuwa mtaa, hakuna mwanamume aliyewahi kusema sijui vizuri kama nilivyoisema mimi leo.